Nimepeleka Pulsar NS200 kwenye daino Nairobi: hospawa zimeongezeka, ila mlima haupandi

Wakuu, naleta mrejesho wa daino (mashine ya kupimia nguvu ya pikipiki) niliyoenda kupimia pikipiki yangu Nairobi. Nitaandika kirefu kidogo kwa sababu hela imenitoka na kuna vitu nimeviona kwa macho yangu ambavyo miaka yote nilikuwa naambiwa kinyume chake, na najua kuna vijana sasa hivi wanadunduliza wanunue ekzosi kwa kuangalia namba moja tu iliyopostiwa na mtu.

Pikipiki yenyewe ni Bajaj Pulsar NS200, ile ya kabureta, cc 199.5, vali 4, plagi 3, inapozwa kwa maji. Kiwandani wanasema inatoa hospawa (nguvu ya farasi) 23.5 kwenye mizunguko 9,500 kwa dakika, na toki (yaani ile nguvu ya kuzungusha yenyewe) Nm 18.3 kwenye 8,000. Mimi nipo Arusha, naitumia kila siku na mara nyingi nabeba mtu nyuma. Mwaka jana nikaifanyia kazi: ekzosi ya wazi kuanzia kwenye hedi mpaka nyuma, filta ya koni badala ya boksi zima la eakilina, na mein jeti (kile kipande chenye tundu la kupitishia petroli kwenye kabureta) ya saizi mbili juu zaidi maana kila fundi anakwambia ukifungua filta lazima uongeze jeti. Kila aliyeipanda alisema imekuwa moto, hata mimi niliamini, maana ukifika 7,000 inaruka kabisa, unaona mikono inavutwa na sauti inabadilika.

Sasa kilichonisumbua ni mlima wa Mto wa Mbu, ule wa kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Karatu. Zamani nikiwa na mke wangu nyuma na begi nilikuwa naupanda gia ya 4 bila shida. Baada ya kuifungua, gia ya 4 inagoma, inakohoa, nashuka ya 3 ndio inakubali. Nikawaza labda cheni, labda klachi inateleza, nikabadilisha klachi, wapi. Nikamuuliza fundi akasema "mkuu hiyo ni mashine ya spidi sasa, ikamue tu". Nikaikamua, mafuta yakapanda, nilikuwa natembea kilomita 35 kwa lita nikawa napata 27.

Ndio nikaamua niende nikaone kwenye kipimo. Namanga nikavuka na kibali cha pikipiki, hapo sitaki kuongea sana, beba kadi orijino na uwahi asubuhi. Kajiado, Kitengela, mchana nipo Nairobi. Gereji iko Industrial Area, sitaji jina maana sijaja kuwatangaza wala kuwaharibia. Begi la nyuma nilikuwa nimejaza vitu vyote vya zamani: ekzosi ya kiwandani, boksi la eakilina na filta mpya, jeti zangu za mwanzo na zingine ndogo mbili. Na hiki ndicho kitu cha kwanza naomba mtu akishike: usiende daino na pikipiki iliyoshafungwa kila kitu, utarudi na namba isiyo na mwenzake wa kulinganisha nayo. Pima ya zamani na mpya siku hiyo hiyo, rola hilo hilo, tairi lina upepo ule ule, mkanda umekazwa vile vile.

Kwa ambao hamjawahi kuiona, daino ya pale ni rola la chuma zito sana, mamia ya kilo, tairi la nyuma linakaa juu yake, la mbele linabanwa, pikipiki inafungwa mikanda pande zote. Unafungua mafuta yote kutoka chini mpaka inapokata, na kompyuta inaangalia rola limeongeza kasi kwa haraka kiasi gani. Kwa kuwa uzito wa rola unajulikana, inapiga hesabu ya nguvu. Haipimi injini moja kwa moja, inapima kilichofika kwenye tairi baada ya gia, cheni na tairi lenyewe kula chao, na hiyo huwa inapungua kama asilimia 10 hadi 15 hivi. Kwa hiyo NS200 nzima kabisa ikikwambia 20 kwenye tairi usiseme imechoka, kiwandani walipimia kwenye injini.

Anayekaa kwenye kompyuta ni dada mmoja, na niseme mapema kwamba yeye ndiye sababu ya mimi kuandika huu mrejesho. Kabla hajawasha chochote aliuliza maswali: unaishi wapi, unabeba nani, unatembea mizunguko mingapi muda mwingi. Sijawahi kuulizwa hivyo na fundi yeyote. Kisha akasubiri injini ipate joto, akapima upepo wa tairi, akaniambia tutapiga mara 3 kwa kila mfungo (yaani kila tukibadilisha vitu vilivyofungwa) na tukiona zinatofautiana sana tunaanza upya.

Tukaanza na mashine ilivyokuja, na ekzosi ya wazi na koni. Gia ya 4, mafuta yote. Jamani ile sauti ndani ya banda la mabati, nilipewa vizibo vya masikio na bado kifua kilitikisika. Mara 3 zikatoka 17.3, 17.4 na 17.5. Mimi nikashtuka, 17? Mbona kuna watu wanasema 21?

Hapa nisimame kidogo maana ndipo watu wengi wanapoibiwa, wengine wanajiibia wenyewe. Nairobi iko juu, pale Industrial Area ni kama mita 1,600 na kitu kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mgandamizo ni milibari 830 na ushee wakati pwani ni 1,010 hivi. Injini isiyo na tabo inavuta hewa iliyopo tu, ikiwa nyepesi mlipuko unakuwa mdogo. Sasa daino ina hesabu ya kurekebisha, inachukua ulichopata na kukwambia ungepata ngapi kama hewa ingekuwa ya kiwango fulani. Kiwango kinachotumika sana, SAE J1349, kinachukulia nyuzi joto 25 na hewa kavu ya milibari 990. Siku ile hesabu ilikuwa kuzidisha kwa 1.24. Kwa hiyo 17.4 yangu ikawa 21.6 kwenye karatasi. Na kuna hesabu nyingine ya zamani wanaiita STD, yenyewe inatoa namba kubwa zaidi kwa kama asilimia 4 juu ya hiyo SAE, na ndiyo wanaopenda sifa huwa wanaichagua. Kwa STD ile ile 17.4 inakuwa 22.4. Mashine moja, mvuto mmoja, namba 3 tofauti, na hakuna aliyedanganya! Halafu kiwango cha ISO 1585 chenyewe kinataka rekebisho likae kati ya 0.93 na 1.07, sisi watu wa milimani tuko 1.24, tumetoka nje kabisa ya pale hesabu inapoaminika vizuri. Mtu wa Dar au Mombasa akikupostia 21 na wewe wa Arusha ukapata 17, msianze kubishana nani ana pikipiki kali, ulizeni kwanza karatasi imeandikwa nini pale juu kwenye kona.

Na hapo hapo ndipo kosa la gereji lilipotokea, lazima niliseme. Tulipomaliza mfungo wa pili (wa kiwandani, nakuja huko) kijana msaidizi akanitolea karatasi mbili, moja imeandikwa 22.4 na nyingine 20.1. Nikafurahi, hospawa 2.3 si mchezo kwa cc 200! Nilipoangalia vizuri, ya kwanza ilikuwa imetolewa kwa STD na ya pili kwa SAE. Ukiziweka zote kwenye kipimo kimoja bila rekebisho ni 17.4 na 16.2, tofauti ni 1.2. Nusu ya faida ilikuwa ni kitufe tu kwenye kompyuta. Nilipomwonyesha yule dada hakubishana, aliomba radhi, akazitoa upya zote bila rekebisho na akanipa na faili lenyewe kwenye flashi. Lakini je, nisingeangalia? Ningerudi Arusha natangaza 2.3 kwa roho safi kabisa.

Turudi kwenye mfungo wa pili. Kuifungua ekzosi ya moto kuna shughuli, walitumia kama saa nzima, wakarudisha boksi la eakilina, jeti ya kiwandani, ekzosi ya kiwandani, wakaisubiri ifikie joto lile lile. Feni ya kupoza pale mbele ni ndogo mno kwa maoni yangu, kwa injini kubwa zaidi ya hii wataleta matatizo, hapo waongeze. Mara 3: 16.1, 16.2, 16.2.

Kwa hiyo kwenye kilele ekzosi na koni zimeshinda kwa 1.2, asilimia 7 na kitu. Kama mrejesho ungekuwa wa namba tu ningeishia hapa na kuwaambia nunueni. Ila dada akaiweka mistari yote miwili kwenye skrini moja, mwekundu wa ekzosi ya wazi na wa bluu wa kiwandani, akaniuliza tena, "Boss, ulisema unatembea ngapi muda mwingi?" Nikamwambia elfu tano, elfu sita. Akaweka kidole kwenye skrini. "Basi hapa ndio nyumbani kwako. Huku juu ni pa kuringia tu."

Mstari mwekundu pale una shimo, si bonde la kawaida, ni shimo, unaanza kuzama 4,500, unafika chini kabisa 5,500, unaanza kutoka 6,500, halafu unapanda kama ngazi mpaka unaupita wa bluu kwenye 7,200. Kwenye 5,500 kiwandani nilikuwa na toki Nm 10.7 kwenye tairi, na ekzosi ya wazi 9.3. Hospawa ni toki mara mzunguko gawanya kwa 7,023, ukipiga hapo ni 8.4 dhidi ya 7.3. Yaani pale ninapoishi nimepoteza hospawa 1.1 ili nikapate 1.2 kule ambako nafika labda mara mbili kwa wiki. Mlima wa Mto wa Mbu na gia ya 4 ni palepale 5,500. Nilinyamaza muda mrefu nikiangalia ule mstari, klachi niliyobadilisha bure nikaikumbuka.

Na ile kuruka kwenye 7,000 ambayo sote tuliipenda? Ndiyo ile ngazi ya kutoka shimoni. Mwili hausikii nguvu iko ngapi, unasikia imebadilika kwa haraka kiasi gani. Mstari wa bluu umenyooka, haurushi mtu, kwa hiyo tunauona ni wa kizee, kumbe kwenye 5,500 una nguvu zaidi. Ongeza na sauti, mtu hana namna ya kujua kwa kupanda tu. Nimewapandisha watu zaidi ya 10 na hakuna hata mmoja aliyesema imepungua.

Kuhusu kwa nini shimo linatokea, mtaani tunaambiwa injini inataka kubanwa kidogo nyuma. Sivyo alivyonieleza, na nilichokiona kinamuunga mkono. Moshi unapotoka unapeleka wimbi kwenye bomba, wimbi likifika mwisho linarudi. Likirudi wakati mzuri linasaidia kuvuta uchafu kutoka kwenye silinda, likirudi wakati mbaya, vali za kuingiza hewa na za kutoa moshi zote ziko wazi kidogo, linausukuma moshi urudi ndani mpaka kwenye kabureta. Urefu na unene wa bomba ndio unaamua ni mzunguko gani utapata wakati mzuri na upi mbaya. Bomba langu la wazi limepata wakati mzuri huku juu na mbaya kwenye 5,500. Hewa ikisukumwa kurudi inapita kwenye kabureta mara ya pili, halafu inavutwa tena mara ya tatu, na kila ikipita inachota petroli. Kipimo cha lamda kilichokuwa kwenye bomba (kinaonyesha hewa ni mara ngapi ya petroli, namba ikiwa ndogo petroli imezidi) kilisoma 10.9 pale shimoni, wakati kwa nguvu nzuri unataka 13 hivi. Akaniambia ishike ile koni. Nikaishika, vidole vikatoka na petroli. Ilikuwa imelowa! Miezi yote ile nilikuwa nadhani ni oili ya filta. Zile kilomita 35 kwenda 27 kwa lita zilikuwa zinaishia pale.

Mfungo wa tatu ndio uliofanya nisijutie safari. Dada alisema kabureta za kiwandani zimepangwa kwa hewa nzito, ukija milimani hewa inapungua lakini petroli haipungui kwa kiasi kile kile, kwa hiyo mashine ya kiwandani hapa tayari inakunywa kupita kiasi. Lamda yake kule juu ilikuwa 11.8. Akasema tusiongeze jeti, tupunguze. Ekzosi ya kiwandani, boksi la kiwandani na filta mpya, mein jeti ndogo kwa saizi moja. Kipande cha shaba kidogo kuliko kucha ya kidole cha mwisho, bei yake Grogan, kule kwenye maduka ya vipuri Nairobi, haifiki hata chai na mandazi ya watu wawili. Matokeo: 16.7, 16.8, 16.8 kwenye kilele, na kwenye 5,500 Nm 11.0. Nusu ya faida yote ya ile ekzosi, na hakuna shimo. Tukajaribu ndogo zaidi ikaanza kupiga misi na lamda ikaenda 14 kwenye mafuta yote, hapo unaanza kuchoma pistoni, tukarudi nyuma. Na jamani hii jeti ni ya huku kwetu juu, mtu wa Tanga akiweka saizi hii atakuja kulia.

Vitu vingine nilivyojifunza pale haraka haraka. Mara 3 za mfungo mmoja zinatofautiana kwa 0.1 au 0.2, kwa hiyo mtu akikuuzia plagi au oili ya kuongeza hospawa 0.2 hajakuuzia kitu kinachopimika. Sproketi haiongezi hospawa hata moja, inabadilisha unazipata kwenye spidi ipi. Na kwenye rola la aina hii ukiweka rimu nyepesi namba inapanda kidogo japo injini ni ile ile, maana nguvu kidogo iliyokuwa inatumika kuizungusha rimu sasa inaenda kwenye rola.

Gharama, nililipa Ksh 9,000 kwa nusu siku na kubadilishiwa vitu, ambayo naona ni sawa kabisa ukilinganisha na bei ya ekzosi yenyewe. Huduma naipa 8 kati ya 10. Nimekata moja kwa karatasi kuchanganywa na moja kwa feni. Ukienda waombe vitu viwili: mistari yote kwenye karatasi moja bila rekebisho, na mstari wa lamda chini yake. Wakikataa kukupa lamda tafuta gereji nyingine, maana bila hiyo utajua nguvu imepungua lakini hutajua kwa nini.

Nilivyorudi, Jumamosi iliyofuata tukaenda Karatu mimi na mama watoto na begi lile lile. Mto wa Mbu tukanywa maji, tukaanza kupanda. Gia ya 4, kona ya kwanza, ya pili, sindano ya mizunguko ikakaa 5,500 haitetemeki, lori la mchanga tukalipita kwenye mwinuko wenyewe. Mke wangu ambaye hajui habari za jeti wala lamda akaniuliza kwa nyuma, "Umeitengeneza?" Mafuta sasa natembea kilomita 36 kwa lita.

Ekzosi na koni nimeziuza kwa kijana wa Usa River anayeshindana kwenye mbio za kunyoosha (za moja kwa moja bila kona). Nilimpa karatasi zote nikamwonyesha shimo, akaangalia akasema yeye akishaachia klachi hashuki chini ya 8,000 mpaka mwisho wa mbio. Na kweli, kuanzia 7,200 mstari mwekundu uko juu muda wote, kwa kazi yake ni ekzosi nzuri. Mimi mwezi wa sita narudi Nairobi tupime sindano ya kabureta, dada anasema kati ya 3,000 na 4,000 bado kuna petroli ya kupunguza.